Jina la Marehemu

Filamu ilipigwa ndani ya nyumba yangu, saa nne asubuhi, jua linawaka nje na sisi ndani tumefanya usiku kwa mablanketi. Amjad aliyatundika matano kwenye madirisha ya ukumbi wa chini, akaziba nyufa kwa magazeti, akanigeukia.

"Bi Shariffa, sasa hapa ni saa nane za usiku."

"Mimi nshasali dhuha," nikamwambia. "Usiku huo wako peke yako."

Akacheka. Alikuwa kijana wa kucheka huyo, mtoto wa watu wa Mji Mkongwe hapa hapa, ana kamera moja, simu mbili, na taa aliyoiazima kwa mpiga picha wa harusi. Damu aliifanya kwa ubuyu uliochemshwa na sukari. Moshi aliutaka wa mashine, mashine hana, akaja kuomba chetezo changu na udi wangu. Filamu aliiita Itika. Ilikuwa habari ya mchawi wa kisasa, mtu wa suti na tai, ana ofisi na kompyuta, hana tunguri wala usinga. Anakupigia simu, anakuita kwa jina lako na jina la mama yako, kama waganga wetu wanavyotaka siku zote. Ukiitika "naam" tu, basi, ushakuwa wake. Siku ya saba unazikwa.

Mchawi alikuwa Talib.

Talib alikuwa mpangaji wangu wa chumba cha chini, mwaka wa kumi na moja. Kazi yake kofia. Anazifua zile za kushonwa kwa mkono, anazitia wanga, anazivisha kwenye kalibu za mti, zikikauka anazipitisha pasi mpaka zinasimama kama zimetoka dukani leo. Maimamu wawili wa misikiti ya karibu walikuwa hawavai kofia isiyopita mikononi mwake. Alikuja mjini kutoka Makunduchi kijana mdogo, mama yake, Kazija, ameshafariki, na tangu siku ya kwanza aliniita Mama. Mtu wa haya, maneno machache. Lakini Mungu alimpa sauti nzito, kama mtu anayesema kutoka ndani ya birika kubwa la maji, na vidole virefu, na Amjad akaviona.

Hakutaka. Mkewe Yusra ndiye aliyemsukuma. Yusra alikuwa na mimba ya miezi sita baada ya miaka minane ya kungoja, na furaha ilimfanya mcheshi. "Nenda ukaseme japo huko," alimwambia. "Hapa nyumbani nnazungumza na kofia."

Basi yuko pale katikati ya ukumbi wangu, suti ya kuazima, moshi wa udi wangu unampanda usoni, simu mkononi. Mimi nimekaa kwenye ngazi na tasbihi yangu nikiangalia wasije wakaunguza busati.

"Haya," Amjad akasema, "mwite mtu. Jina lake na la mama yake. Lolote litakalokujia."

Talib akashusha simu. "La mtu aliye hai sitaji."

"Basi buni."

"Nibuni vipi? Kisiwani hapa jina gani halina mwenyewe?"

"Talib, ni mchezo huu. Hata huo ubuyu unaudhani damu?"

"Ubuyu naujua. Jina silichezei."

Amjad akaanza kuvuta pumzi kama watu wanaotaka kukasirika wakajizuia. Talib akanigeukia mimi. "Mama, nitaje nani?"

Sasa niseme mimi ni nani katika mitaa ile. Mimi ni mosha. Tangu mume wangu afariki, na kabla yake kidogo, akifa mwanamke kuanzia kwetu mpaka Malindi, huitwa mimi. Nawaosha, nawakafini, nawafunga vidole. Ninachokiona juu ya maiti hakitoki kinywani mwangu. Ndiyo amana ya kazi, na kwa ajili hiyo watu wananifungulia milango yao saa ambayo hawamfungulii mtu. Nilisoma darasa saba tu, lakini kwa adabu hiyo naheshimiwa kuliko wenye vyeti.

Nikafikiri, nikaona njia ya salama. Nikasema, "Taja la marehemu. Maiti hapatwi na kitu tena. Taja Wanu binti Mayasa."

Bi Wanu alikuwa shoga yangu wa chuoni, tumekalia mkeka mmoja tukisoma juzuu. Nilimuosha mwenyewe, mwaka wa tatu huo. Nikaona hata angekuwapo angecheka. Talib akashusha mabega kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Akalitaja mara tatu. Mara ya tatu Amjad alimwambia aisogeze simu mdomoni na aseme taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Wanu... binti Mayasa." Mimi mtu mzima nywele zilinisimama.

"Ndugu yangu," Amjad akasema, "wewe kofia zilikupotezea wakati. Umezaliwa kuloga."

"Astaghfirullahi," Talib akasema, akajifuta jasho kwa ile tai.

Nilichokisahau ni hiki. Bi Wanu alimzaa binti mmoja, akampa jina la mama yake mwenyewe, Mayasa. Mayasa naye alipozaa msichana, akampa jina la mama yake, Wanu. Ndivyo tunavyofanya, majina yanarudi. Lakini mtoto mwenye jina la mama yako humwiti kwa jina hilo. Huwezi kusimama uani ukapiga kelele, Wanu we mkorofi, Wanu nitakuchapa, ukawa kama unamtukana mzazi wako. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza yule mtoto aliitwa Bibi. Mtaa mzima ulimwita Bibi. Mimi mwenyewe, miaka sita: Bibi, njoo uchukue halua, Bibi, shuka hapo utaanguka. Jina la Wanu lilikuwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na tangu mwezi ule kwenye daftari la chuoni. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza, na ustadhi wao alikuwa amewafundisha jambo la kwanza la adabu: ukiitwa jina lako, kaa sawasawa, sema naam.

Kionjo cha filamu Amjad alikitoa mtandaoni Jumatatu. Uso wa Talib ndani ya moshi, jina, basi. Jumanne kilikuwa kwenye kila simu.

Nilikuwa barazani kwa Mayasa, sisi wanawake wanne tunachambua mchele, mtoto kajilaza mapajani mwa mama yake anasinzia. Mmoja akasema, "Mmemwona Talib? Njooni mwone mashetani ya kwetu." Akaifungua simu, akaongeza sauti.

"Wanu... binti Mayasa."

Mtoto akajiinua, akakaa sawasawa, mikono juu ya magoti. "Naam," akasema.

Tulicheka. Wote tulicheka, hata Mayasa, kwa jinsi alivyoitika vizuri. Kisha Mayasa akawacha kucheka. Akaitazama simu, akamtazama mtoto. Aliyeshika simu akaizima. Mimi nikainama kwenye ungo wangu, nikatoa jiwe moja, nikalitupa, nikatafuta jingine.

"Jina la mwanangu kalipata wapi?" Mayasa akasema. "Hata nyinyi hamliiti."

Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa.

Hospitali walisema homa ya matumbo. Watoto wanne wa mitaa ile walikuwa nayo mwezi ule, kwa maji, lakini wale wengine hakuna aliyewataja kwa jina la mama. Alilazwa. Siku zikaanza kuhesabiwa tangu ile naam: moja, mbili, tatu, kwa sababu kila mtu alikuwa anajua kwamba mchawi wa filamu hungoja saba.

Kofia zikaanza kuondoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni alipokuja Darwesh, kaka yake Mayasa, mtu wa maneno makali.

"Nipe kofia yangu."

"Bado haijakauka," Talib akasema. "Wanga mbichi."

"Nipe hivyo hivyo. Bora kichwa kilowe."

"Darwesh, wewe unanijua."

"Nilikuwa nnakujua. Jina la mtoto wetu ulilipata wapi?"

Talib akanitazama. Kidogo tu. Mimi nikasema, "Jamani, mtoto mgonjwa, tumuombeeni," nikaingia ndani.

Mpaka Ijumaa kalibu zake zote zilikuwa tupu, zimepangwa juu ya meza kama vichwa vilivyonyolewa. Akipita kichochoroni watoto walijificha nyuma ya milango wakimwita, "Itika!", kisha vicheko na miguu inakimbia. Muuza kahawa alimmiminia, Talib akanywa, na yule akakitupa kikombe jaani mbele ya macho yake. "Kina ufa," akasema. Hakikuwa na ufa.

Alinijia ghorofani mchana ule. Alibisha hodi, akavua viatu, akakaa chini karibu na mlango kama alivyokuwa akikaa siku zote.

"Mama, waambie."

"Niwaambie nini, mwanangu?"

"Kwamba nilikuuliza. Kwamba ulinipa la maiti kwa kuogopa shari. Tukasahau kuwa mtoto ana jina lile. Ni maneno mawili, Mama. Wewe watakuamini."

"Waache watulie kwanza. Mtu mwenye hasira humwelezi."

"Yusra hali."

"Mimi nitampelekea uji."

Akakaa. Alikuwa ananingoja. Nikaishika tasbihi nikaanza kuvuta, akajua mazungumzo yamekwisha, maana hakuwa mtu wa kumkatisha mtu dhikri yake. Akashuka.

Sitajipamba. Nilijua ni maneno mawili. Lakini nilijua pia litakalofuata. Mosha aliyelitoa jina la maiti wake, aliyemuosha kwa mikono yake, akalitia katika kinywa cha mchawi, hata mchawi wa ubuyu na suti ya kuazima, ni nani atakayemwachia tena mama yake? Wangesema, huyu ndiye anayewapa wachawi majina. Wangesema pengine anatoa na kucha za maiti, pengine nywele. Nilishawaona wanavyofanya na kofia.

Siku ya sita walisoma Halbadiri. Asiyejua ajue kwamba hicho si kisomo cha kila siku: wanasomwa watu wa Badri kwa majina yao, na inaombwa aliyetenda ubaya apatwe na ubaya wake, awe nani, awe wapi. Mtu mwenye lake huwa hakai karibu. Walisoma baada ya alasiri, nyumbani kwa Mayasa, wanaume ukumbini, sisi wanawake chumbani nyuma ya pazia. Mimi niliitwa mwanzo. Nilipewa mto wa kuegemea.

Talib alikuja mwenyewe bila kuitwa. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia: kanzu nyeupe, na kofia yake mwenyewe kichwani, ya vito, vile vitundu vya kushonwa, wanga na pasi kazi ya mkono wake. Mwalim Mbarouk, aliyekuwa anasomesha kisomo, akamwambia asogee.

"Umemtaja mtoto huyu kwa ubaya?"

"Sikumtaja. Naapa." Akaweka mkono juu ya Msahafu. "Nilikuwa namtaja bibi yake, Mungu amrehemu."

"Kwa nini bibi yake? Ulikuwa unamjua?"

"Kwa mbali."

"Hapo ulipo unasema ulimjua kwa mbali," Darwesh akadakia, "na jina la mama yake ukalijua? Mimi mwanawe Bi Wanu, majina hayo mawili pamoja nayasikia kwenye hitima tu. Nani alikupa?"

Udi ulikuwa unawaka, ule ule wangu, nilioupeleka mimi. Talib akainua macho kwenye pazia. Hakuniona, mwanga ulikuwa upande wake, lakini alijua niko. Alingoja. Mtu akikungoja unasikia.

"Lilinijia," akasema.

"Lilikujia," Darwesh akarudia. "Mmesikia wenyewe. Majina yanamjia."

Nimefikiri sana kwa nini hakusema. Hapakuwa na siri ndani yake. Aliniita Mama miaka kumi na moja, na mama yako humwaibishi mbele ya ukumbi wa wanaume. Ilikuwa adabu tu. Adabu ile ile iliyomfanya mtoto aseme naam.

Wakasoma. Mwisho wa kisomo Mwalim Mbarouk akaomba kwamba aliyelitoa jina la mtoto huyu, likampeleka penye madhara, Mungu amfichue na amrudishie. Wanawake wote wakasema Amin. Nikasema Amin. Aliyekaa kando yangu akanishika mkono, akaniambia, "Wewe dua yako haina pazia, Bi Shariffa."

Talib hakupewa hata nafasi ya kufungasha. Alipotoka kwenye kisomo, Darwesh na wenzake walikuwa wameshatangulia nyumbani kwangu. Kwanza ilitoka meza, kisha pasi mbili, kisha kalibu, moja moja, zikishuka kichochoroni kwa kubingirika, na watoto wakizikimbilia. Ndoo ya wanga ikamwagwa kizingitini. Kaka zake Yusra walikuwa wamekuja na pikipiki mbili. Mmoja alimpandisha dada yake na tumbo lake, kanga ya kichwa haijakaa sawa, wakampeleka kwao Kikwajuni. Yusra alikuwa akisema jambo moja tu, hata hakulia: "Mwulizeni Bi Shariffa. Mwulizeni yeye." Kaka yake akamwambia, "Atakuja kukuona, usijali, atakuja."

Amjad alikuwapo. Alikuwa amesimama juu ya baraza la jirani na kamera yake. Miezi yote ile alikuwa anahangaika kwamba filamu haina mwisho, kwamba hana watu wa kutosha wa kufanya umati. Sasa umati ulikuwa umekuja wenyewe, na nguo zao. Mtu mmoja alimsukuma Talib kifuani, kofia ikamwanguka, akainama kuiokota, na wa pili akaikanyaga. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, baina yao na kamera.

"Bi Shariffa," Amjad akaita, kwa upole kabisa, "sogea kidogo. Unaziba."

Nikasogea.

Talib aliokota pasi moja. Akanipita karibu, karibu kiasi cha kunigusa, akasema, "Kwaheri, Mama," kama alivyokuwa akisema kila asubuhi akienda sokoni. Wakamsindikiza kwa makelele mpaka barabarani.

Siku ya nane mtoto akakaa kitandani akaomba mkate wa mofa. Dawa za hospitali alikuwa amekunywa siku tano kamili, lakini mtaani walisema: mtu katoka, na homa imetoka. Mayasa alinichinjia kuku. Mtoto sasa anaitwa Bibi hata chuoni.

Filamu ilitoka baada ya miezi miwili. Waliitazama maelfu, na kila mtu alisema mwanzo wake dhaifu lakini mwisho, mashaallah, kama kweli. Mjukuu wa jirani alinionyesha. Uso wa Talib unaonekana vizuri, na kofia pale chini. Na mwanamke mmoja wa buibui anaonekana kwa mgongo, anageuza kichwa kama aliyeitwa, anasogea, na hapo ndipo unaona kila kitu.

Mosha bado ni mimi.

Yusra alizaa msichana. Siku ya saba kwao Kikwajuni walinipelekea mtu niende, na ningekataa ingeonekana. Chumba kilijaa wanawake na harufu ya mvuje wa kumkinga mtoto. Mama yake Yusra, Bi Faiza, alinikalisha kitandani hasa, akaniwekea mtoto mapajani.

"Baba yake katuma jina," akasema. "Toka huko Makunduchi alikorudi kulima mwani. Anataka aitwe Kazija, kwa mama yake."

"Jina zuri," mmoja akasema.

"Zuri kwa mwenyewe. Jina lililotoka kinywa kile mimi simtii mjukuu wangu. Yanayofanywa na majina yake tumeyaona." Akanishika goti. "Ndiyo tukakwita wewe. Mtu mwema akimpa mtoto jina, mtoto hukua nalo. Tupe jina, Bi Shariffa."

Yusra alikuwa amelala ubavu, uso kwangu. Hakuwa amenitolea salamu tangu niingie.

"Mpeni nafasi," akasema. "Bi Shariffa hodari wa kutoa majina."

Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli, wakafurahi kwamba ameanza kuzungumza. Mtoto alikuwa na vidole virefu. Nilikuwa na neno moja la kusema, safari hii hata si mawili. Kazija. Ningesema tu, mwacheni aitwe kama alivyotaka baba yake, na mimi nitawaeleza kwa nini. Yusra alikuwa ananitazama mdomo.

"Mwiteni Shadya," nikasema.

"Shadya," Bi Faiza akasema. "Mungu amkuze."

"Amin," wakasema.

Hapo hapo simu ya Yusra, iliyokuwa juu ya mto, ikaanza kulia. Jina la mpigaji lilikuwa wazi kwenye kioo, tuliokuwa karibu sote tulilisoma. Siku ya saba, mtu yuko Makunduchi anataka kujua mwanawe anaitwa nani. Yusra akanyoosha mkono.

"Iwache," mama yake akasema. "Usiitike."

Yusra akanitazama tena, mkono uko hewani. Nikamwinamia mtoto, nikamfunika vizuri miguu. Simu ililia mpaka ikachoka, ikaanza upya.